Kunyamaza Nako ni Kuhubiri

(Hotuba iliyotolewa na mchungaji mstaafu, mwanafunzi wa zamani wa shule yetu, katika mkutano wa mwaka wa Chama cha Wanafunzi wa Zamani. Tunaichapa kama alivyoisema, kwa ruhusa yake. – Mhariri)



Awali ya yote natoa shukrani kwa heshima mliyonipa. Nilipopata barua ya Katibu ikinitaka nizungumze juu ya "Uchungaji na Mahubiri katika Dunia ya Leo", nilidhani mmekosea mtu. Kati yenu wamo wahadhiri, mahakimu na wakuu wa idara. Mimi ni mchungaji wa vijijini niliyestaafu, na kazi yangu kubwa siku hizi ni kulisha kuku. Lakini mwalimu wetu mmoja alizoea kutuambia kwamba mtu akiulizwa habari za kazi yake asijifanye hana la kusema. Basi nitajaribu.

Najua pia kwamba humu ukumbini wamo ndugu zetu Waislamu. Tulikula nao maharage ya chungu kimoja, tukalala nao bweni moja. Naomba wanivumilie. Nitatoa mifano ya kanisani kwa kuwa ndiko nilikofanyia kazi, lakini neno lenyewe linamhusu kila mtu ambaye watu wengine wanamwamini.

Nianze kwa kuungama kosa nililolitenda papa hapa shuleni.

Mwaka 1970 nilikuwa kidato cha pili. Wazee wa wakati huo mnalikumbuka tangi la maji lililokuwa nyuma ya jiko. Kila juma mwanafunzi mmoja alipewa zamu ya kulitazama: kuangalia maji yamefika wapi, na kuhakikisha kifuniko kimefungwa. Juma moja zamu ilikuwa yangu. Jumanne nilisahau kufunga kifuniko. Alhamisi asubuhi nikakuta panya anaelea majini, amekwisha kuvimba. Nilimwopoa kwa fimbo, nikamtupa migombani, nikafunga kifuniko vizuri kabisa, nikaenda darasani. Sikumwambia mtu. Niliogopa adhabu.

Naona wazee wameanza kucheka. Naam, ndiyo ile ile foleni ya chooni mnayoikumbuka, usiku wa Ijumaa, mabweni mawili mazima, na tochi moja. Leo mmemjua aliyewafanyia hivyo. Nanyi wa bweni la pili, nawaomba radhi.

Lakini ndugu zangu, kisa hakikuishia chooni. Ilisemekana kwamba maharage hayakuiva, na mpishi ndiye aliyelaumiwa. Mzee yule alikaripiwa mbele yetu sote, akasimama pale akiwa ameshika kofia yake mkononi. Nilikuwa mstari wa tatu. Nilijua ukweli, nikanyamaza. Mzee yule amekwisha kufariki, na sikuwahi kumwomba msamaha.

Sikusema uongo hata neno moja. Hakuna aliyeniuliza nikakana. Nilinyamaza tu. Lakini kimya changu kiliwaambia wanafunzi wenzangu kwamba maji yale ni salama, wakaendelea kuyanywa mpaka tangi lilipooshwa juma lililofuata. Tena kiliiambia shule nzima kwamba mpishi ndiye mwenye makosa. Ndiyo maana nimeipa hotuba yangu jina hili: kunyamaza nako ni kuhubiri.

Nilihitimu hapa mwaka 1972. Baadaye nilikwenda Makumira, karibu na Arusha, kusomea uchungaji. Huko tulifundishwa kwamba mhubiri ana vitabu viwili vya kusoma kabla hajapanda mimbarini. Cha kwanza ni Biblia. Cha pili ni watu wake: wanakula nini, wanadaiwa na nani, nani amefiwa, nani hasemezani na ndugu yake. Mhubiri asomaye kile cha kwanza peke yake hujibu maswali ambayo hakuna aliyeyauliza. Naye asomaye kile cha pili peke yake huwaambia watu yale wanayotaka kuyasikia.

Nilikuwa mwanafunzi huko mwaka 1977, na mwaka ule ulitufundisha kuliko vitabu. Mwezi Februari zilikuja habari za Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda. Yeye na maaskofu wenzake walikuwa wamemwandikia Idi Amin barua, wakilalamikia mauaji na uonevu uliokuwa ukifanywa na askari. Barua hiyo ilikuwa ya tarehe 10 Februari. Tarehe 16 Februari Askofu Mkuu aliuawa. Kisha mwezi Juni, Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilifanya mkutano wake mkuu Dar es Salaam, na hapo akachaguliwa Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa rais wake, Mwafrika wa kwanza kushika kiti hicho. Mkutano huo ulitamka kwamba ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini si jambo la siasa tu ambalo kila Mkristo aweza kuwa na maoni yake, bali ni jambo linalogusa kuikiri imani yenyewe. Kwa maneno mengine, kanisa haliwezi kunyamaza hapo na bado likajiita kanisa.

Sisi vijana tulijawa na moto. Kila mmoja wetu alijiona Luwum. Tuliapa kwamba siku ikija tutasimama mbele ya watawala na kusema kweli. Nami nilibarikiwa kuwa mchungaji mwaka 1980, nikaingoja siku hiyo.

Ndugu Mwenyekiti, siku hiyo ilikuja, lakini haikuja kama nilivyoitazamia. Hapakuwa na mtawala wala askari. Palikuwa na mama mmoja amesimama mlangoni pangu saa kumi na mbili jioni, ameshika kanga yake kwa mikono miwili, ananiuliza swali.

Mama huyu nilimfahamu vizuri. Alikuwa mjane mwenye watoto wawili, akiuza dagaa sokoni, na alikuwa mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya yetu. Mumewe alikuwa amekufa kwa UKIMWI. Yeye naye alikuwa na virusi. Mnakumbuka kwamba serikali yetu ilianza kutoa bure dawa za kupunguza makali mwaka 2004. Kabla ya hapo nilikuwa nazika watu wa rika lake karibu kila juma. Baada ya dawa kufika kwetu niliona kwa macho yangu watu waliokuwa wakibebwa kwa machela wakirudi shambani. Mama huyu alikuwa mmoja wao. Alianza dawa mwaka 2006, akanenepa, akarudi sokoni, akarudi kwenye kwaya.

Mwaka 2009 mhubiri mmoja mgeni alipiga hema katika mji wetu mdogo, akakaa majuma mawili. Jina lake sitalitaja, wala madhehebu yake. Alikuwa na vipaza sauti vikubwa na maneno matamu. Alihubiri kwamba mwenye imani ya kweli haendi na Mungu mkono mmoja na vidonge mkono wa pili. Watu walijaa. Siku ya Jumapili nilihesabu watu katika kanisa langu, nikakuta viti vitupu zaidi ya nusu.

Ndipo mama yule alipokuja. Akaniambia, "Shikamoo, Baba Mchungaji. Nimekuja kuuliza. Nimeombewa kule hemani, na nimejisikia mwepesi. Wanasema niache dawa, nikizimeza ni kama namwambia Mungu simwamini. Wewe unasemaje?"

Nilijua jibu. Nililijua kama nilivyojua habari za panya. Lakini nilitazama chini, nikamwambia hivi: "Mama, Mungu ana njia nyingi. Endelea kuomba, naye atakuonyesha."

Akasema, "Asante, Baba." Akaenda.

Maneno yale yalifanana na imani. Hayakuwa imani, yalikuwa ni woga uliovaa kanzu. Mama yule alikuja kwa mchungaji wake kutafuta neno moja tu, "Usiache." Hakulipata. Na kwa kuwa mimi sikukataza, alihesabu kwamba nimekubali. Aliacha dawa. Kwa miezi michache alionekana hana neno, na watu wakatoa ushuhuda juu yake. Kisha kikaja kikohozi, na nyama za mwili zikaanza kuisha. Wakati muuguzi wa kliniki aliponipa habari, na mimi nikaenda kumsihi aanze tena, alikuwa hawezi kuketi. Alikufa baada ya mwaka mmoja na miezi miwili tangu jioni ile.

Mimi ndiye niliyemzika. Nilihubiri vizuri siku hiyo, ndugu zangu, watu walinisifu. Baada ya mazishi, binti yake mkubwa, aliyekuwa na miaka kumi na mitano, alinifuata hadi kwenye baiskeli yangu. Hakulia. Akaniuliza, "Baba Mchungaji, mama alisema alikuja kukuuliza. Ulimwambia nini?"

Nimesimama mbele ya maaskofu na mbele ya wakuu wa wilaya, wala sijaulizwa swali zito kuliko lile. Nilimwambia ukweli: kwamba sikumwambia neno la maana, kwa sababu niliogopa. Alinitazama, akageuka, akarudi kwa wenzake. Msamaha wake niliupata baada ya miaka mingi, na hiyo ni habari ya kwake yeye, si yangu kuisimulia.

Nimejiuliza mara nyingi niliogopa nini. Nimepata sababu tatu, nami nazitaja kwa sababu nadhani ndizo zinazotufunga vinywa wengi wetu, wachungaji na wasio wachungaji.

Kwanza, niliogopa wingi. Methali yasema penye wengi hapaharibiki neno, nami niliona wengi wamekwenda hemani. Lakini methali hiyo ni ya baraza ambamo kila mtu anasema lake. Penye wengi ambao wote wamenyamaza, neno huharibika upesi sana.

Pili, niliogopa kuonekana sina imani. Mchungaji akisema "Meza dawa", watu watasema huyu ni mtu wa vidonge, si mtu wa Roho.

Tatu, na hii ndiyo inayoniaibisha, niliogopa viti vitupu. Nilifikiri, nikimpinga yule mgeni, hata wale waliobaki wataniacha, na sadaka itapungua, na jimboni wataniuliza.

Baada ya mazishi yale nilirudi kwenye Biblia kama mwanafunzi wa kidato cha kwanza, nikatafuta habari za ugonjwa na uponyaji. Nilikuta mambo ambayo nilikuwa nimeyasoma mara nyingi bila kuyaona. Nilikuta kwamba Mfalme Hezekia alipougua, nabii Isaya hakuishia kwenye neno la Bwana. Aliagiza pia mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Nilikuta Paulo akimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake, bila kumkemea kwamba imani yake ni haba. Nilikuta kwamba Paulo huyo huyo alimwacha rafiki yake Trofimo mgonjwa huko Mileto. Na nilikumbuka kwamba Luka, aliyesafiri pamoja naye, alikuwa tabibu.

Nilikuta pia kisa cha Naamani, jemadari wa Shamu aliyekuwa na ukoma. Alipotakasika alimletea Elisha zawadi kubwa, na Elisha akakataa kupokea hata kitu kimoja. Ni mtumishi wake Gehazi aliyekimbia nyuma ya gari, akaomba fedha na mavazi, naye akarudi na ukoma wa Naamani. Wahubiri wengi hupenda kuishia Naamani alipotoka Yordani akiwa safi. Mimi nawashauri wasome mpaka mwisho wa sura. Mungu huponya, nami nayaamini hayo mpaka leo. Lakini mahali palipo na bei, tumuulize Gehazi.

Tena nilikumbuka historia yetu wenyewe. Ule Uamsho wa Afrika Mashariki, uliowageuza baba zetu na mama zetu tangu miaka ya 1930, ulianzia wapi? Moja ya chimbuko lake kubwa ni Gahini, Rwanda, penye hospitali ya misioni, na daktari wa hapo, Joe Church, pamoja na rafiki yake Simeoni Nsibambi wa Buganda, ndio wanaohesabiwa miongoni mwa waanzilishi. Watu waliotubu kwa machozi na daktari aliyeshika sindano walikuwa kitu kimoja. Huku kwetu, makanisa yalishirikiana kuijenga hospitali ya KCMC pale Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971. Hakuna aliyesema kwamba kujenga hospitali ni kukosa imani. Imani ndiyo iliyoijenga.

Wanangu, huenda mnafikiri haya ni mambo ya mchungaji mmoja na hema moja. La hasha. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana uwanjani, waliposukumana kwenda kukanyaga mafuta yaliyoitwa ya upako. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu, wakiwamo watoto. Ilielezwa kwamba walifundishwa kufunga kula mpaka kufa ili wamwone Kristo. Mambo ya hukumu tuyaachie mahakama. Swali langu mimi ni lingine. Kabla ya watu wale kufika msituni au uwanjani, walipita mbele ya nani? Walikuwa na jirani, na shemeji, na mwalimu wa watoto, na mchungaji wa zamani. Ni wangapi kati ya hao walioona, wakasema moyoni, "Mungu ana njia nyingi"?

Nabii Ezekieli anasema habari za mlinzi aliyewekwa juu ya ukuta. Mlinzi huyu hakutakiwa kupigana na jeshi. Kazi yake ilikuwa moja, kupiga tarumbeta anapouona upanga unakuja. Akiuona asipige, damu ya watu inadaiwa mkononi mwake. Hata asingeufungua mlango kwa adui, kosa lake ni lile lile: aliona, na tarumbeta ikabaki kiunoni.

Pengine mtauliza, "Na wewe, Mchungaji, ulifanya nini baada ya hapo?" Ni haki yenu kuuliza.

Jumapili ya pili baada ya mazishi nilipanda mimbarini, nikawaambia washarika yale niliyowaambia ninyi leo. Mababa na mama zetu wa Uamsho walitufundisha kwamba dhambi husemwa kwa jina lake, mbele ya ndugu, bila kuipaka sukari. Nilitaja kosa langu. Kisha nikasema wazi: asiache mtu dawa yake kwa neno la mhubiri yeyote, hata likiwa neno langu, akiamini amepona, aende akapimwe. Mungu haogopi kipimo.

Baada ya ibada hapakuwa na shangwe. Mzee mmoja wa kanisa aliniambia kwamba nimeuvunjia heshima uchungaji. Nyumba saba zilihama usharika wetu mwezi ule, na sadaka ilipungua kweli, kama nilivyoogopa. Lakini jioni moja, kiasi cha juma la tatu, kijana mmoja mwendesha pikipiki alikuja nyumbani gizani. Alisema, "Mchungaji, mimi niliacha vidonge mwezi uliopita. Nifanyeje?" Asubuhi tulikwenda wote kliniki, mimi nimekaa nyuma ya pikipiki yake. Baada yake alikuja mwingine. Niligundua kwamba watu walikuwa wamengoja muda mrefu mtu wa kwanza aseme. Methali inasema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mara nyingi mgonjwa huficha kwa sababu mchungaji naye anaficha.

Tuliweka pia desturi. Mara moja kila baada ya miezi mitatu, muuguzi wa zahanati alipewa dakika kumi wakati wa matangazo. Mwanzoni wazee walinung'unika kwamba kanisa limekuwa zahanati. Baadaye, muuguzi asipofika, wao ndio waliouliza yuko wapi.

Na nilijifunza kusema neno ambalo sikufundishwa chuoni, yaani "Sijui". Mtu akiniuliza kwa nini mtoto wake amekufa, nilimwambia sijui, nikakaa naye mkekani. Watu wanadhani mhubiri asemaye "sijui" atapoteza heshima. Kwangu haikuwa hivyo. Mtu aliyekusikia ukisema "sijui" siku moja, hukuamini siku utakaposema "najua".

Sasa nina maneno machache kwa makundi matatu, kisha nitakaa.

Kwa wazee wenzangu. Wengi wetu si wachungaji. Lakini mhasibu anayeona hesabu imechezewa, mhandisi anayeona kokoto na saruji havikuchanganywa sawasawa, daktari anayeona dawa imekwisha muda wake, na hakimu anayeona bahasha mezani kwa mwenzake, wote hao wana tarumbeta kiunoni. Tukikutana hapa kila mwaka kula nyama na kuimba wimbo wa shule, tuulizane pia: je, ni tangi gani ambalo wewe unajua kuna panya ndani yake?

Kwa wanafunzi. Wakati wetu mhubiri alipaswa kuja kwa basi, akapiga hema. Siku hizi anakuja ndani ya simu, usiku, shukani. Anakuomba utume sadaka kwa namba fulani ili upate baraka ya mtihani. Na yule wa kamari za mpira anakuomba utume kwa namba nyingine ili upate utajiri. Sisemi kwamba kila mhubiri wa kwenye simu ni mwongo. Wako wema, nami husikiliza baadhi yao. Nawapa maswali matatu ya kumpima yeyote, hata mimi. Je, ananiruhusu kuuliza swali, au anasema kuuliza ni dhambi? Je, anafaidika nini mimi nikimtii? Na je, nikipata hasara kwa neno lake, atakuwapo kunizika? Mchungaji wa kweli ni yule ambaye unajua nyumbani kwake, na ambaye binti yako anaweza kumfuata hadi kwenye baiskeli yake na kumuuliza, "Ulimwambia nini?"

Na ikiwa kati yenu yumo kijana anayesikia wito wa uchungaji, namwambia: njoo, kazi ipo. Usingoje siku ya Idi Amin. Huenda isije kamwe, na tumshukuru Mungu isipokuja. Siku yako itakuja jioni, umechoka, chai inapoa mezani, na mama mmoja anabisha hodi. Hutapigwa picha wala kuandikwa gazetini. Litahitajika neno moja tu. Liseme.

Mwisho, Ndugu Mwenyekiti, nina ombi. Asubuhi nilitembea mpaka nyuma ya jiko. Lile tangi la zamani halipo. Mmeweka matangi mapya mawili ya plastiki, na nimefurahi kuona kwamba yana vifuniko vya kukaza. Mpishi wa sasa alinikaribisha uji, nikanywa. Nikamwuliza kama anajua jina la mpishi wa mwaka 1970. Hakulijua. Wala katika ubao wa majina ulioko ofisini, penye wakuu wa shule na viranja wote, jina la mzee yule halimo. Naomba Chama kiongeze ubao mwingine mdogo, wa wapishi, walinzi na wafanyakazi wa shamba waliotulea hapa. Mbao na gharama ya kuandika nitatoa mimi, kwa fedha za kuku wangu. Na jina la kwanza nitalileta mwenyewe, maana nalikumbuka.

Wahenga walisema, msema kweli mpenzi wa Mungu. Mimi nimechelewa miaka zaidi ya hamsini kusema habari za panya mmoja. Ninyi msichelewe hivyo.

Mungu awabariki, naye aibariki shule yetu.